Barua kwa Mwanangu: Kwa Nini Anayejua Sheria Huivunja

Mwanangu Ouma,

Barua yako nimeipokea. Nashukuru kusikia kifua kimepona na umepata nyumba karibu na ofisi. Sasa nikujibu lile swali, maana naona limekukosesha raha. Umeandika kwamba wewe na maafisa wenzako wa uvuvi mlikaa na wavuvi wa Ziwa Victoria mkawaeleza sheria ya nyavu, wakaitikia, wengine wakatoa hoja nzuri kuliko zenu, na juma lilo hilo mkawakamata watatu kati yao wakiwa na nyavu haramu za monofilamenti. Unauliza: mtu anayeijua sheria, tena anayekubali kwamba ina maana, kwa nini anachagua kuivunja?

Ni kweli, anachagua. Asikudanganye mtu kwamba ni umaskini peke yake. Ufuo ni ule ule, mashua ni zile zile, karo ni ile ile, na bado kuna wanaovua kwa wavu halali wa inchi tano mwaka mzima na kuna wasioweza kukaa mwezi bila wavu haramu. Kama umaskini ungetosha kueleza, wote wangekuwa upande mmoja. Lakini unakosea unapodhani kwamba anachagua pale unapomkuta. Wewe unamwona alfajiri, yuko ndani ya mashua, wavu miguuni. Uamuzi wake ulikwisha zamani, dukani mbele ya kaunta au kwa mtu anayemdai. Ukitaka kumwelewa, rudi hadi siku ile.

Anza na wavu wenyewe. Chukua uzi wa wavu halali uusokote kinyume kwa kucha, utafumuka, nyuzi nyembamba nyingi zitokee. Uzi wa monofilamenti haufumuki. Ni mmoja tu, laini, unapitisha mwanga, kama ule wa ndoana. Ndani ya maji samaki hauoni, kwa hiyo unakamata zaidi tangu usiku wa kwanza, na dukani ni wa bei rahisi. Ubaya wake unajitokeza baadaye. Fundo huteleza, kwa hiyo ukichanika haushoneki vizuri, na baada ya miezi michache mwenyewe anautupa, mara nyingi humo humo ziwani. Huko unaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewatoa. Wavu halali unashoneka na kudumu, ila pesa yake inatakiwa yote siku moja.

Jicho, yaani tundu la wavu, nalo ni hivyo hivyo. Ukilipima, usipime moja. Nyoosha macho kumi kwa mstari, pima urefu wote, ugawanye kwa kumi. Wavu wa mbuta (sangara) na ngege (sato) ukikupa chini ya milimita 127, yaani inchi tano, haufai. Mvuvi anajua inchi tatu italeta samaki usiku huu. Anajua pia kwamba ni watoto. Mbuta wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, kwa sababu majike wengi wa kimo hicho hawajataga hata mara moja, na wa zaidi ya 85 tunawaacha kwa sababu ndio wazazi wakubwa, wenye mayai mengi. Haya yote wamekujibu vizuri mkutanoni. Hawakudanganya. Kujua hakukuwa shida yao.

Shida iko kwenye tarehe ya deni. Faida ya wavu halali huja pole pole, na sehemu kubwa yake humwendea kila mtu ziwani, hata yule asiyeutumia. Faida ya wavu haramu huja kesho asubuhi, kwake peke yake. Mtu asiyedaiwa anaweza kusubiri. Anayedaiwa hawezi, na karibu kila mashua ina mdai. Angalia jinsi kazi inavyogawanyika: mwenye mashua anatoa chombo, wavu na injini, vibarua watatu au wanne wanatoa nguvu, baada ya kutoa petroli na barafu, kinachobaki kinagawanywa. Nyuma yao yuko ajenti wa samaki, aliyemkopesha mwenye mashua wavu kwa sharti kwamba samaki wote wauziwe yeye, kwa bei anayoitaja yeye. Mkopeshaji anataka pesa yake irudi haraka, kwa hiyo anatoa wavu unaorudisha haraka. Mara nyingi, mwanangu, mtu uliyemkamata na wavu haramu hakuuchagua wavu. Alichagua mkopo, na wavu ukaja ndani yake.

Ndiyo maana ninakwambia uchunguze kalenda. Shule zikikaribia kufunguliwa, angalia ni nani anayekwenda mjini kununua wavu, na anarudi na upi. Ukikaa na mwenye mashua, usimuulize kama anaijua sheria. Muulize wavu huu aliupata wapi, kwa pesa ya nani, na anatakiwa kumaliza kulipa lini. Maswali hayo matatu yatakufundisha kuliko mikutano kumi ya uhamasishaji.

Pamoja na deni kuna hesabu, na hapa wakubwa wako wanakosea sana. Wanadhani faini ikiongezwa watu wataogopa. Hebu tupige hesabu ya mfano. Tuseme wavu haramu unamwongezea mwenye mashua shilingi 1,500 kila safari, na doria inamkuta mara moja katika safari mia. Kabla hajakamatwa ameongeza 150,000. Akikamatwa anapoteza wavu wa 20,000 na faini ya 20,000. Amebaki na 110,000. Sasa pandisha faini hadi 100,000. Bado amebaki na 30,000, na ataendelea. Halafu iache faini palepale 20,000, lakini ongeza doria hadi akamatwe mara moja katika safari kumi. Ameongeza 15,000, amepoteza 40,000. Huyo ataacha mwenyewe, bila hotuba. Mwitaliano Cesare Beccaria aliandika jambo hili mwaka 1764: uhakika wa adhabu huzuia maovu kuliko ukali wake. Wanaotunga faini kubwa kubwa bado hawajalisikia.

Tena faini kubwa ina hasara ambayo haionekani kwenye karatasi. Ikiwa ni laki mbili, mtu yuko tayari kutoa elfu thelathini asipelekwe kortini, na askari mwenye mshahara mdogo anaijua bei hiyo vizuri kama mvuvi. Ukipandisha faini bila kuongeza uhakika, umepandisha kiwango cha kitu kidogo, yaani rushwa. Kisha wavuvi wanajifunza kwamba sheria ni ushuru wa mtu fulani, na jambo hilo ni gumu kulifuta vichwani mwao kuliko kukamata nyavu elfu.

Hata faini halali, inayolipwa kwa risiti, inaweza kuharibu. Kuna utafiti uliofanywa Haifa, Israeli, na Uri Gneezy na Aldo Rustichini, ukachapishwa mwaka 2000. Walichukua shule 10 za chekechea ambako wazazi walichelewa kuwachukua watoto. Katika 6 kati yake wakaweka faini ndogo kwa anayechelewa. Waliochelewa hawakupungua, waliongezeka hadi karibu mara mbili, na faini ilipoondolewa hawakurudi walikokuwa. Mwanzoni mzazi alikuwa anamwonea haya mwalimu anayesubiri. Faini ilipokuja, haya ikaondoka: amelipa, basi amenunua muda. Kwenye fuo ni hivyo hivyo. Mwenye mashua tatu akishaiandika faini kwenye daftari lake pamoja na petroli na barafu, usitarajie aone aibu. Kwake hiyo ni gharama ya kazi. Ndiyo maana mimi naamini zaidi katika kumsimamisha asivue, kumnyima kibali kwa msimu, kuliko kumtoza. Msimu mmoja wa kutovua hauingii kwenye daftari kama bei ya kitu alichonunua.

Sasa nije kwa jambo ambalo naona ndilo kubwa kuliko deni na hesabu. Mtu hutazama mwenzake. Mvuvi mmoja mwenye wavu halali kati ya kumi wenye haramu halindi samaki yeyote. Anawaachia tu wenzake. Akili yake inamwambia: samaki nitakayemwacha mimi atachukuliwa na jirani saa mbili baadaye. Na jirani anawaza hivyo hivyo. Wote wawili wangependa sheria ifuatwe, na wote wawili wanaivunja. Hakuna unafiki hapo. Kila mmoja anangoja uhakika kwamba hatakuwa mjinga peke yake.

Uliyaona haya barabarani ulipokuwa mdogo, ingawa huenda umesahau. Februari 2004, kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa, matatu ziliwekwa vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mikanda, mstari wa manjano, abiria wakae wote. Watu walitembea kwa miguu siku za kwanza kwa sababu magari mengi hayakuwa tayari. Kisha yakarudi, na kwa muda kanuni ikashika kweli kweli, hata abiria wenyewe walimkemea makanga aliyetaka kuongeza mtu. Madereva hawakuwa wameokoka kwa usiku mmoja. Kila mmoja aliona mwenzake naye amefuata, kwa hiyo hakupoteza abiria kwa kufuata. Halafu gari moja likapita kizuizini limejaa, la pili likaona, la tatu likaona, vidhibiti vikaanza kuchezewa, kibao cha kukalia kikarudi katikati ya viti. Sheria haikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kile ambacho kila dereva alitarajia kwa mwenzake.

Kwa hiyo ukiwaachia wachache, hata kwa huruma, hujawaachia wachache, umewaachia wote. Nisemapo hivi sikuambii uwe mkali. Nakuambia uwe sawasawa.

Kisha kuna maneno ambayo mtu hujiambia. Hakuna anayelala usingizi akijiita mwizi, lazima apate neno la kumtuliza. Wamarekani wawili, Gresham Sykes na David Matza, waliandika mwaka 1957 kuhusu vijana wahalifu na jinsi wanavyojitoa hatiani hata kabla ya kutenda. Mengi waliyoyaandika utayasikia ufuoni kwako. Kuna anayesema ni tajiri aliyenipa wavu, mimi ni kibarua. Kuna anayesema ziwa ni kubwa, Kenya tuna asilimia 6 tu, nyingine ni ya Uganda na Tanzania, wavu wangu utamaliza nini? Kuna anayewageukia ninyi: kwanza ninyi wenyewe mnakula rushwa, maduka yanayouza nyavu hizi mnayapita kila siku. Na kuna anayesema watoto wangu kwanza. Hili la mwisho ndilo gumu, kwa sababu ni kweli na linatoka moyoni. Usilibeze.

Jifunze kuyasikiliza maneno haya kwa makini, kwa sababu kila moja linakuonyesha mlango wa kuingilia. Kibarua anayesema wavu si wake amekuambia umtafute mwenye mashua, na kama kila mara mnakamata vibarua na kuwaacha matajiri, anachosema ni kweli. Anayetaja maduka amekuambia kwa nini anaidharau sheria: inamngoja yeye majini usiku, na haimgusi anayeuza mchana chini ya bati jipya. Mimi nakubaliana naye kabisa. Duka moja likifungwa mjini, mashua nyingi hazipati wavu. Mashua moja ikikamatwa, duka linauza mwingine Jumatatu. Na anayelalamikia majirani zetu wa Uganda na Tanzania amekuonyesha jambo ambalo wewe na mimi hatuwezi kulitatua kutoka ofisini kwako. Mwambie hivyo hivyo, wazi. Ukijifanya una jibu, kesho hatakuamini hata kwa lile unalolijua.

Hapa ndipo nakufikia wewe mwenyewe, maana ukiniuliza kwa nini watu wanavunja sheria, sehemu ya jibu ni jinsi inavyoshikwa mikononi mwa wanaoitekeleza. Profesa mmoja, Tom Tyler, mwaka 1984 aliwahoji wakazi zaidi ya 1,500 wa jiji la Chicago kuhusu polisi, mahakama, na kama wanafuata sheria. Kilichowafanya wafuate zaidi hakikuwa hofu ya kukamatwa. Walifuata walipoamini kwamba wanaoisimamia wana haki ya kuisimamia, na imani hiyo ilitokana na jinsi walivyotendewa: walisikilizwa? waliheshimiwa? sheria ilikuwa moja kwa wote? Hata aliyeshindwa kesi alikubali zaidi alipotendewa haki.

Chicago ni mbali, lakini jambo hili fanyeni hapo hapo ufuoni. Mnapochukua wavu, msiutupe tu kwenye boti mkaondoka. Upimeni mbele ya mwenyewe, macho kumi, mumwonyeshe kipimo. Andikeni urefu wake, rangi, ukubwa wa jicho, mahali, saa, jina la mwenye mashua na la aliyekutwa nao, wawili wa kamati ya ufuo watie sahihi, na yeye abaki na nakala. Mpe nafasi aseme lake, nalo liandikwe hata kama ni uongo. Wavu utunzwe kwa hesabu hadi korti iamue, na ukiteketezwa, uteketezwe mchana, watu wa kamati wakiangalia, wakihesabu kutoka kwenye orodha ile ile. Wavu uliochukuliwa Jumanne bila karatasi ukionekana majini Ijumaa, hutahubiri tena katika ufuo huo ukasikilizwa. Na chunga sana mashua za wakubwa. Siku utakayopima wavu wa diwani au wa mwenyekiti wa kamati kama unavyopima wa kibarua, habari itafika fuo nyingine kabla yako.

Kuna wale wachache ambao hutawapata kwa njia yoyote kati ya hizi. Hawadaiwi, hawaogopi, hawajali jirani anafanya nini. Kwa hao doria na korti zipo, usipoteze pumzi nyingi. Kosa ni kuwachukulia wote kama hao. Wengi wako katikati, wanaivunja wakibanwa na wanaifuata wakiona wenzao wanaifuata, na kazi yako iko kwao.

Uliniuliza pia uanzie wapi, kwa vile uvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, hufungwa kuanzia Aprili mosi hadi Julai 31. Anza Machi, siyo Aprili. Miezi hiyo minne ina karo ya muhula wa pili ndani yake, na mwenye taa na wavu wa omena asiye na njia nyingine atarudi majini usiku, hata umhubirie. Kaa na mwenye mashua mmoja mmoja. Jua nani ana deni linaloangukia kati ya Aprili na Julai. Kabla ya mwezi kwisha, ajenti na mkopeshaji wawe wameitwa kwenye kikao kimoja na wadaiwa wao, malipo yasogezwe hadi Agosti na yaandikwe. Chama cha akiba na mikopo kikiweza kununua deni la hata mashua tano, tayari umewaondoa watano kwenye mtego. Wanawake wanaoanika omena wawe kwenye kikao, maana wao ndio hununua ile ya usiku, na wakikataa kwa pamoja kuinunua, mvuvi atampelekea nani? Kisha nyavu za omena zihesabiwe na kufungiwa ghala la kamati, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina, orodha ibandikwe mlangoni ili kila mtu aone kwamba ya jirani yake iko ndani. Hiyo orodha itafanya kazi ambayo doria tatu haziwezi.

Niandikie wakishakaa, unitajie ni mashua ngapi za omena ziko hapo na ni ngapi zinadaiwa na mtu mmoja, maana nadhani utakuta mdai ni yule yule. Baba yako anakusalimu, anasema ulete picha ya nyumba. Dada yako ameahidi kukutumia lile koti la mvua kwa gari la Jumamosi.

Mama yako.